Hibo Hewani

Tulipokaa matanga ya Eedo Dahabo mwezi uliopita, Mungu amrehemu, binamu yangu Abdinasir alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha wanawake. Abdinasir ni kifungua mimba wa marehemu, mtu wa ndevu za hina na tumbo la ofisini, na anapenda kusema jambo zito huku anacheka ili ukikasirika uonekane wewe ndiye mbaya. "Abaayo Saadia," akasema, yaani dada Saadia, mbele ya wanawake wote mle ndani, "leo hata wewe umwombe mama msamaha. Ulimwaibisha hewani kutoka hapa mpaka Mandera, dunia nzima ikasikia." Nikamwambia kwamba nimemwombea mama yake pepo tangu alfajiri, na nitamwombea mpaka na mimi nifukiwe, kwa sababu alinilisha na kunivisha na alikuwa eedo yangu, dada wa baba yangu kabisa. "Lakini msamaha wa siku ile sina," nikasema. "Siku ile ningeirudia kesho asubuhi kama taar ingekuwapo." Akacheka, akaenda zake kwenye turubai la wanaume. Mimi nikaingia nikakaa mkekani na hasira yangu, na nikaamua kwamba ikiwa kisa kile kitaendelea kusimuliwa katika ukoo huu, basi na mimi nitakisimulia, na sitakifupisha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na nyumba ya Eedo ilihitaji mtu mwenye masikio mazuri. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika Garissa. Kama una ndugu Griftu au Mandera, au katika kambi ya Hagadera, na unataka kusikia sauti yake, unakwenda kwenye taar, ile redio ya upepo ambayo watu wa kwetu walizungumzia kabla ya simu. Taar ya Eedo ilikaa katika chumba cha mbele, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha maua. Chini ya meza kulikuwa na betri ya gari, juu ya paa waya mrefu uliofungwa kwenye mlingoti, na ukutani saa iliyokuwa haiendi lakini hakuna aliyethubutu kuiteremsha kwa sababu ilikuwa zawadi ya harusi. Mabenchi mawili yaligusana na kuta. Mlango wa kwenda uani ulikuwa na pazia la kijani, na kila pazia lilipopeperuka, harufu ya anjera na moshi wa jiko iliingia kwa wateja, na wateja nao, wakiwa watu wa kwetu, walisema bismillahi kabla hawajakaribishwa. Chupa za chai hazikukauka chumbani mle. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, lakini nikifumba macho nikaambiwa nitaje nyumba, ndicho chumba ninachokiona.

Yafaa nieleze taar ilivyofanya kazi, maana vijana wa leo wakisikia wanadhani ni simu kubwa. Kwenye simu watu wawili wanaweza kupigiana kelele kwa wakati mmoja mpaka asisikike yeyote. Kwenye taar haiwezekani. Maiki ina kitufe ubavuni. Ukikibonyeza unasema, na wengine wote, awe chifu au mkwe wako, hawana la kufanya ila kusikiliza. Ukimaliza unasema "ova", unaachia kitufe, ndipo zamu inakwenda kwa mwenzako. Tena hakukuwa na siri. Vituo vyote vilivyokaa kwenye masafa yale vilisikia yote. Nakumbuka bwana mmoja wa Hagadera aliyemsihi mkewe arudi, mke yuko kwetu amekaa kwenye benchi amegeuzia redio mgongo, na kabla mke hajajibu, sauti ya mzee kutoka Mandera ikaingia ikasema, "Mwambie kwanza amtoe mama yake kwenye ile nyumba. Ova." Mke akacheka mpaka akashika mbavu, na wiki ile ile akarudi kwa mumewe. Kazi yangu ilikuwa kuita vituo, kupokea sauti zilizochoka njiani, na kurudia maneno kwa wateja pale mvumo ulipozidi. Masikio yangu yalifunzwa kungoja. Ulijifunza kwamba sauti ikipotea katikati ya mvumo si lazima iwe imekwisha, na ukikimbilia kubonyeza kitufe unaipoteza kabisa.

Na Eedo Dahabo, nisimdhulumu, alikuwa msikilizaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona mbele ya chombo kile. Sisi tuna desturi. Mtu akitoka safari hapewi swali la haraka haraka. Anapewa maziwa, anakaa, halafu anaambiwa neno moja, "Warran," yaani toa habari. Na habari ina mpango wake. Unaanza na amani. Unakuja kwenye mvua, halafu malisho, halafu mifugo, halafu watu, nani mgonjwa na nani amejifungua, na mwisho kabisa ndipo unataja shida iliyokuleta. Anayesikiliza haingilii. Anaitikia tu, "Haye," chini chini, ili ujue yupo. Ukimaliza, anakuuliza swali juu ya jambo ulilolitaja, na kwa swali hilo unajua kama alisikia au alikuwa anahesabu nzi. Eedo alifanya hivyo kwenye taar. Watu walipita mbele ya nyumba nyingine zenye redio wakaja kwake kwa sababu hiyo. Mchungaji wa Griftu angeweza kueleza kuhusu ngamia aliyepotea mpaka chai ikapoa, na Eedo angekuwa bado ameinamisha kichwa, "haye, haye", kama vile ngamia ni wake.

Aliyekuwa hapewi "haye" katika nyumba ile ni Hibo. Hibo alikuwa na miaka minane, binti ya Adeer Mursal, yaani ami Mursal, ndugu mdogo wa Eedo aliyekuwa akiishi Griftu na mifugo yake. Alikuwa amemleta mwenyewe baada ya Idi asome Garissa, akamwachia Eedo na kibuyu cha samli, akarudi. Mtoto alikuwa mwembamba, meno ya mbele ndiyo yanaota, na alisema polepole sana. Alianza sentensi, akasimama, akatazama mahali, akaendelea. Kwa watu wenye haraka hilo lilikuwa adhabu. Na nyumba nzima ilikuwa na haraka. "Eedo, leo shuleni..." angeanza, na taar ingelia, na Eedo angeinua kiganja bila kumtazama na kusema, "Hadhow." Baadaye. Nililisikia neno lile mara nyingi mwaka ule kuliko jina la mtoto mwenyewe. Hadhow, Hibo, Mandera wako hewani. Hadhow, Hibo, mpe mgeni chai. Hata wateja walilijua, na wakimwona anavuta pumzi ya kuanza, walimwahi wao. Nami nilikuwa na vipokea sauti masikioni, kwa hiyo mara nyingi niliuona mdomo wake tu, unafunguka na kufungwa.

Hibo alikuwa na kazi. Kituo cha mbali kikiita mtu wa Garissa, lazima mtu huyo akaitwe nyumbani kwake aje kwenye redio, na anayekwenda kumwita ni miguu ya mtoto. Sauti husafiri vizuri asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, na joto likishapanda hakuna unachosikia ila mvumo. Kwa hiyo asubuhi ndio uliokuwa wakati wa mavuno, na ndio uliokuwa wakati wa shule. "Hibo, kimbia kwa Haji Bishar, mwambie Hagadera inamwita." Mtoto alitoka na anjera imekunjwa mkononi, mkoba mgongoni, mdomo unang'aa mafuta ya simsim. Alirudi akihema, na tayari kulikuwa na jina la pili. Wakati mwingine la tatu. Wote tulimwona mtoto mtiifu, mwepesi wa miguu, na tukamsifu kwa hilo tu.

Siku moja alasiri mwalimu wake alikuja. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, amevaa viatu vilivyotiwa rangi mpaka vikang'aa, na Eedo alimkaribisha kwenye benchi na kumtilia chai ya maziwa ya ngamia, ambayo aliinywa kwa ujasiri. Bahati mbaya siku ile kulikuwa na mawingu, na taar ilikuwa inapokea hata mchana. "Mama, huyu mtoto ana tatizo," mwalimu akaanza, na Griftu ikaita. Eedo akainua kiganja. Akamaliza na Griftu, akamgeukia kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali. "Mwalimu, sema sasa. Shida yake iko wabi?" Mwalimu akasema hesabu hajui, anachelewa, na akiingia anakaa anaduwaa. Hagadera ikaita. Kiganja kikainuka tena. Nilimwona mwalimu wa watu anaanza na kukatwa, anaanza na kukatwa, mpaka naye akaanza kusema polepole na kutazama mahali, na nikamhurumia. Mwishowe akafupisha kila kitu, akasema, "Nadhani hana kichwa cha masomo." Sentensi hiyo fupi ndiyo Eedo aliyoisikia vizuri. "Haya mwalimu, kama kichwa hakuna, hakuna. Sisi tutabeleka yeye Ijara. Kule kuna mbuzi, kuna mtoto mdogo wa kubeba." Hibo alikuwa amesimama kwenye pazia la kijani. Hakuna aliyemuuliza kitu, mwalimu wala mwenye nyumba, na mwalimu akashukuru kwa chai.

Kesho yake mchana, mvumo ulipoijaza redio nikaizima, nilimkuta Hibo uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamuuliza moja kwa moja, "Kwa nini unachelewa?" Akanyamaza. Nikamuuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba tatizo ni masikio yake. Akaendelea kuchambua. Basi nikavuta kigoda, nikakaa upande wake, nikachukua nusu ya mchele, na nikafanya kama ninavyofanya kituo kinapopotea. Nikangoja. Akaniambia habari za viatu vya mwalimu, kwamba huvipaka rangi wakati wa mapumziko kwa kitambaa anachokificha dirishani. Haye, nikasema. Akaniambia jirani ana mbuzi aliyezaa pacha. Haye. Akaniambia makorongo wale wakubwa wa dampo wanatembea kama watu waliotoka ofisini. Nikacheka, na kicheko kile karibu kiharibu kila kitu, kwa sababu alinyamaza kwa muda mrefu. Nikaendelea na mchele. Ndipo aliposema, hata hakunitazama, "Lango linafungwa."

Vipande vilikuja kimoja kimoja mpaka ungo ukaisha. Kengele ikilia, lango la shule linafungwa, na waliochelewa wanabaki nje wakiokota takataka mpaka somo la kwanza liishe. Somo la kwanza kila siku ni hesabu. Akifunguliwa, anaingia mwalimu yuko kwenye mistari ya mwisho ubaoni, halafu ubao unafutwa. "Mimi mwisho wa hesabu naujua, abaayo," akaniambia. "Mwanzo ndio siujui." Nikachora mchangani hesabu ya kutoa, ile ya kukopa kutoka nyumba ya pili. Kweli, alijua kuandika jibu chini ya mstari, alijua kupiga mistari miwili, alijua mpaka kuandika "sahihi" kwa herufi za mwalimu. Jibu lenyewe alilikisia. Sijui kama nimewahi kukasirika vile tena maishani. Mtoto alikuwa amekaa katika nyumba inayoishi kwa kusikia sauti za watu walio mbali, nyumba yenyewe ndiyo inayomchelewesha, na nyumba hiyo hiyo imeamua kwamba hana kichwa.

Nilimwendea Eedo jioni, alipokuwa anapaka mguu mafuta kitandani. Nilimweleza yote kwa adabu. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza, "Na nani atakimbia asubuhi? Wewe? Nani atakaa na redio?" Nikamwambia tutafute mtu mzima wa kutumwa. Akasema wateja ni watu wa heshima, hawaitwi na mtu wasiyemjua. Nikamwambia basi wachelewe kidogo wateja. Akaniangalia kama vile nimetukana. "Saadia, watoto husema mengi. Ukifuata kila wanachosema hutapika hata chai. Mtoto wa Mursal mimi nampenda kuliko wewe. Ijara atashiba, atanenepa. Hadhow tutamrudisha." Naye alimpenda kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo wakija watu kuniambia kwamba kila aliyefanya jambo lile alikuwa na nia njema. Najua ilikuwa njema. Nilikula nia njema hiyo asubuhi na jioni, na mtoto alikuwa nje ya lango.

Mpango ukawa kwamba Adeer Mursal ataitwa kwenye taar ya Griftu aambiwe, na kesho yake lori la mbao linalokwenda Ijara litamchukua Hibo. Asubuhi hiyo chumba kilijaa. Kulikuwa na mama mmoja mnene wa sokoni aliyekuwa anangoja Hagadera na analalamika tangu aingie, wanaume watatu wa mifugo, na kijana aliyekuwa anaoa na kutaka kuwaambia wajomba. Hibo alisimama kando ya meza na mkoba wake, anangoja kutumwa. Sauti ya Adeer Mursal ilikuja safi sana, unasikia mpaka jogoo nyuma yake. Eedo akachukua maiki. Akasalimia vizuri, akauliza mvua, akauliza ngamia, akaitikia yote. Halafu akasema, "Mursal, mtoto huyu mwalimu mwenyewe amekuja akasema kichwa hakuna. Kesho anakwenda Ijara kwa jamaa zetu, atafaa kule. Ova." Kukawa na mvumo mfupi. Adeer akasema, "Dada, wewe ndiye uko naye. Kama umeona hivyo, ni hivyo. Ova." Nilimtazama Hibo. Alikuwa amefungua mdomo na ameufunga tena, mwenyewe, bila kuambiwa hadhow na mtu. Hilo ndilo lililonimaliza.

Eedo alinirudishia maiki nifunge mazungumzo na kuita kituo kingine. Nikabonyeza kitufe. Nikasema, "Griftu, baki hapo hapo. Garissa ina habari nyingine." Nikaishusha maiki mpaka kwenye mdomo wa mtoto, kidole gumba changu kikiwa juu ya kitufe, nikamwambia neno ambalo nyumba ile haikuwahi kumwambia. "Warran, Hibo."

Alinitazama. Akavuta pumzi. Akaanza, na Mungu ni shahidi, alianza kama inavyopasa. "Huku ni amani. Mvua hakuna. Mto umeshuka, punda wanavuka." Alisimama kama kawaida yake. Eedo akanishika kifundo cha mkono. "Achia," akasema. Sikuachia. "Mbuzi wa jirani amezaa pacha. Mmoja amekufa." Mama wa sokoni akapiga kelele kwamba wakati wake unaliwa. Mmoja wa wale wanaume akasimama, sijui kufanya nini, nikamwambia, "Kaa chini, adeer, mtoto anatoa habari," na sauti iliyonitoka sikuijua mwenyewe. Alikaa. Kucha za Eedo zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yangu. "Eedo ni mzima. Abaayo ni mzima. Mimi ni mzima. Asubuhi natumwa kuita watu. Nikifika shule lango limefungwa. Naokota takataka mpaka hesabu iishe. Mwisho wake naujua. Mwanzo siujui." Akanyamaza, na kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kila mtu chumbani alitaka kukijaza, nikawaona, na hawakuweza, na kule Griftu na Hagadera na Mandera hawakuweza vilevile, kwa sababu kidole kilikuwa changu. Kisha mtoto akasema, "Sitaki Ijara, Aabo. Nataka mwanzo." Akaniangalia. "Ova," akasema. Nikaachia.

Mvumo tu. Adeer Mursal hakujibu. Nikaanza kuogopa kwa mara ya kwanza, maana nilijua ninachopoteza ikiwa atasema mtoto hana adabu. Sauti ya mwanamke mzee ikaingia kutoka Hagadera, hata hakujitambulisha, akasema, "Griftu, mjibu mtoto. Tumekaa tunangoja. Ova." Jogoo akasikika tena. Ndipo Adeer alipokuja hewani, na sauti yake ilikuwa nzito. "Hibo. Yule mbuzi aliyebaki, ni dume au jike? Ova." Wasiotufahamu wanaweza kudhani alikwepa. Sisi wote chumbani tulijua kwamba amesikia kila neno tangu la kwanza. Nikambonyezea kitufe. "Jike, Aabo. Ana doa hapa. Ova." Aligusa paji la uso wake, kana kwamba baba anamwona. "Haye," akasema Adeer. "Sasa nipe Dahabo. Dahabo, nimesikia, na naona watu wote wamesikia. Huyo mtoto asubuhi asitumwe tena kwa mtu. Aende shule. Ova." Eedo hakuichukua maiki. Nilimjibu mimi kwamba ujumbe umefika.

Mama wa sokoni alikuwa wa kwanza kutoka, na sokoni ndiko alikokwenda, kwa hiyo kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa umejua. Eedo hakunipiga wala hakunitukana. Alingoja mpaka chakula cha mchana, tambi za baasto na ndizi, kila mtu mkono kwenye sinia, halafu akasema nafasi kwenye lori la Ijara imekwisha kupangwa na hapendi kitu kiharibike. Kesho yake nilipanda mimi. Nilikaa juu ya mbao na sanduku langu, na mwaka uliobaki niliumaliza Ijara nikibeba mtoto wa jamaa zetu, mtoto mnene mwenye kulia, na matokeo yangu ya mtihani niliyapata yakiwa yamechakaa. Niliyakosa mambo mengi kwa ajili ya kidole kile. Watu wakinihurumia kwa hilo nawaambia wahifadhi huruma yao. Yule mtoto wa Ijara alikuwa na vilio vya namna nne, na kufika mwisho wa mwaka nilikuwa navijua vyote, na ndiyo elimu iliyonipeleka kufundisha chekechea, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikaota mvi. Eedo nami tulirudi kusalimiana, tukala pamoja katika harusi na Idi. Nilimletea dawa alipougua. Siku ile hatukuitaja tena, si yeye wala mimi, na tuliheshimiana hivyo hivyo bila kusameheana.

Katika matanga watu hupenda kisa kiwe na mshahara. Mke wa Abdinasir, alipoona nimekaa na uso uliokunjamana, alinibembeleza. "Lakini si ulifanya vyema, abaayo? Hibo angalau alisoma. Sijui angekuwa daktari." Hibo si daktari. Anauza vitambaa katika duka lake Garissa, anapima kwa mkono vitambaa vya dira, yale magauni mapana ya kwetu, na anajua kutoa bila kikokotoo, basi. Na kama angekwama darasa lile lile akaishia kuchunga mbuzi wa watu, kidole changu kingekuwa sawa vilevile. Nilichoka zamani kusikia kwamba mtoto asikilizwe kwa sababu kesho atakuwa mtu. Nimekaa na watoto wa chekechea miaka yangu yote, na sijaona hata mmoja aliyekuwa anangoja kuwa mtu. Nilimwambia hivyo, na sikulainisha, matanga au si matanga. Akanyanyuka akaenda kuongeza chai.

Hibo mwenyewe alifika baada ya alasiri, amevaa nyeusi, na mwanawe mdogo amemshika ushungi. Tulikumbatiana tukamlilia Eedo pamoja, kilio cha kweli, maana yeye ndiye aliyetulea sote wawili. Kisha tukakaa ukutani, mahali ambapo meza ya taar ilikuwa, na juu yetu saa ile ile isiyokwenda. Chumba kizima kilikuwa na simu. Zinalia, zinawaka, watu wanapokea rambirambi kutoka Nairobi na kutoka nje, kila mwanamke na sikio moja kwake na moja mbali. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile. Akafikiri, polepole, kama alivyo. "Maneno siyakumbuki, abaayo," akasema. "Nakumbuka kidole chako. Kilikuwa kinatetemeka, nikaogopa utachoka kabla sijamaliza." Nilitoa mkono nikautazama, na una mishipa sasa.

Hapo mwanawe akamvuta ushungi. "Hooyo. Hooyo, kule nje..." Simu ya Hibo ikaita. Niliona jina la mtu wa maana kwenye kioo, nikaona jicho lake linakwenda kwake, na kiganja chake, kwa ile tabia ambayo hata aliyeumizwa nayo huirithi, kikaanza kuinuka. Kikasimama hewani. Akakitazama, akanitazama mimi, akacheka na machozi bado yako shavuni. Akaiweka simu mkononi mwangu. Nikaibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, na sikuachia mpaka ilipozimika. Akamgeukia mtoto, akamkalisha mbele yake, akaweka mikono magotini.

"Warran," akamwambia.

Mtoto akatazama mahali. Sote wawili tukangoja. Akaanza na mvua.